Bodi ya Abdi na Daftari la Mama Kendi

Jumatatu, 8 Septemba

Nimefagia chumba cha kazi mara mbili na bado vumbi. Mtaa huu wetu wa Kiwanjani ni hivyo, ukifagia ni kama umelialika. Nimepanga betri za kamera, nimefuta lenzi, nimebonyeza laptopu kwa mazoea. Haiwaki. Najua haiwaki, tangu Alhamisi haiwaki, lakini mkono una tabia zake.

Video ya harusi ya Shukri iko salama kwenye kadi. Cha kuihariria ndicho hakuna. Shukri anasafiri Jumamosi ya wiki ijayo kumfuata mumewe Kanada. Familia wanataka kuitazama pamoja siku moja kabla, na nyanya yake, Akko Kabale, yule aliyetoka Kinna akaimba harusini mpaka sauti ikakauka. Akko ni mzee sana. Nani anajua kama hao wawili wataonana tena?

Nimeahidi. Nikikosa, hakuna harusi Isiolo hii nitakayoitwa, na itakuwa haki yao.

Nitaunda kompyuta ya mezani mwenyewe, kipande kwa kipande. Wengine wameweza.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeenda kwa Mama Kendi, yule Mmeru anayeuza vipuri vya kompyuta karibu na stendi. Nikamwambia nataka RAM, kile kijibao cha kumbukumbu. Akauliza, "Nyumbani una nini tayari?" Nikasema vitu viwili vitatu. Akauliza, vitu gani? Nikasema vipo tu, Alhamdulillahi.

Sikumdanganya. Ndivyo nilivyolelewa. Kwetu wafugaji hesabu ya mifugo haitajwi. Mtu akiuliza mbuzi ni wangapi, unasema wapo. Ukitaja, umeita kijicho. Mama yangu hata mashemeji zake hajawahi kuwaambia. Na sokoni ukionyesha ulicho nacho, muuzaji anajua unachokosa, na hapo umekwisha. Basi sikutaja bodi niliyopewa na binamu yangu Abdi, ule ubao mkubwa ambao kila kitu huchomekwa. Sikutaja prosesa, ubongo wa kompyuta, niliyoagiza Nairobi.

Mama Kendi akafunga daftari lake. "Basi sina cha kukuuzia." Mbele ya wateja! Kiburi gani hicho? Nimetoka pale kwa hasira. Duka la ghorofani wameniuzia RAM bila swali hata moja. Mpya, inang'aa.

Alhamisi, 11 Septemba

RAM haiingii. Ina pengo dogo, bodi ina kinundu chake, na haviko mahali pamoja. Nimeigeuza. Bado. Nikasema basi nianze na prosesa, iliyofika jana. Nayo ikakaa upande. Nikaisukuma. Kidogo tu.

Ya Rabbi. Chini yake bodi ina vijisindano vyembamba kama nywele, mia na mia. Vitatu vimelala. Mjinga mimi. Mjinga, mjinga.

Nimeona kosa langu sasa. Kila kipande nilikichagua kwa uzuri wake peke yake. Nimekuwa kama mtu aliyenunua fahali mzuri na ngamia jike mzuri, kisha akakaa kungoja ndama.

Ijumaa, 12 Septemba

Baada ya swala nimefunga kila kitu kwenye leso, nikarudi kwa Mama Kendi. Nilikuwa tayari kuchekwa. Alisema tu, "Habari, Halima," akasogeza kikombe chake.

Nimefungua leso juu ya meza yake. Bodi, prosesa, RAM, hata SSD, ile hifadhi ya mafaili niliyotoa kwenye laptopu. Wallahi ilikuwa ngumu. Nilijiona kama nimevuliwa nguo stendi.

Hakucheka. Akaandika kila kitu kwenye ukurasa mmoja, bodi juu kabisa. "Huyu ndiye mwenye nyumba," akasema. "Hawa wengine ni wageni. Unamuuliza mwenye nyumba kwanza anapokea nani." Kisha akachora mistari. Bodi ya Abdi ni ya zamani. Prosesa yangu ni ya kizazi kipya: hapana mstari. RAM ni ya aina mpya: hapana mstari. SSD ndiyo pekee iliyopata mstari. Nimeutazama ule ukurasa mpaka nikaona haya. Kumbe swali lake la Jumanne halikuwa umbea. Ilikuwa kazi.

Vijisindano alivimulika kwa tochi, akasema nirudi kesho. Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumamosi, 13 Septemba

Leo nimeona mikono inayojua kazi. Mama Kendi amefunga duka nusu, akavaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, akachukua sindano ya kushonea. Saa nzima aliinamia bodi, akiinua vijisindano. Mteja akiingia, anainua kidole kimoja, mteja anatoka.

Alipopumzika akaniambia alikua akifunga mabunda ya miraa na mamake. Ukikaza unavunja, ukilegeza linafunguka. Ni hayo tu aliyosema juu ya maisha yake.

Viwili vimesimama sawa. Cha tatu kimesimama, lakini hatoi ahadi. Mtu mwingine angenidanganya ili nilale vizuri. Nimempenda kwa hilo, ingawa sikulala.

Jumatatu, 15 Septemba

Mama Kendi amebadilishana prosesa yangu na RAM yangu na fundi mwenzake wa Meru, tupate za zamani zinazokubaliana na bodi. Prosesa yenye kutoa picha yenyewe, nisihangaike na kadi ya picha ya ziada. Jumatano zitafika, inshallah.

Leo tumechagua pawa, kile kisanduku kinachogawa umeme. Alishika kimoja mkono huu, kingine ule, akanipa kizito. Stima ya huku inapiga teke, chepesi hakitavumilia. Mimi nilitaka kasha lenye taa za rangi. Nimeshamsimulia harusi yote, basi akauliza kama Akko Kabale ataimba vizuri zaidi nikiwasha taa. Nimechukua lile lenye kutu kidogo. Huyu mama ana mdomo!

Jumatano, 17 Septemba

Zimefika adhuhuri. Prosesa imeketi kwa uzito wake, bila kusukumwa. RAM ikalia tak. Nimebonyeza. Feni zinazunguka. Kioo cheusi.

Siku mbili zimebaki. Nimelia pale pale dukani, watu wakinitazama. Nilijua ni kile kijisindano cha tatu.

Mama Kendi hakugusa kitu. Alifungua ukurasa wangu, akapita na kidole mstari kwa mstari, polepole ya kuudhi. Kidole kikasimama. Waya mdogo wa umeme wa prosesa, wenye matundu manne. Ulikuwa umejificha nyuma ya kasha. Nimeuchomeka mwenyewe.

Picha.

Nimemkumbatia mpaka akalalamika nitamvunjia miwani. Yote miwili.

Ijumaa, 19 Septemba

Jana nimehariri kutwa. Haikukwama hata mara moja. Leo wametazama, sebule imejaa, watoto wamekalia viatu vya wageni. Wimbo wake ulipofika, Akko Kabale alijifunika uso kwa shali. Ulipoisha akajifunua, akasema, "Rudisha." Tukarudisha mara tatu. Shukri alilaza kichwa kwenye paja lake na hakukiinua.

Jumapili, 21 Septemba

Shukri ameshaondoka. Upepo mtulivu leo, vumbi limelala.

Alasiri nimempelekea Mama Kendi maziwa nyumbani kwake, alipokwisha kutoka kanisani. Tumekaa kwenye ngazi. Hatukuzungumza kompyuta. Akaniuliza, kwa adabu tu kama mtu yeyote, mbuzi wa nyumbani hawajambo?

Nikamwambia ni wangapi. Wakubwa, wadogo, na yule kilema. Akaitikia kwa kichwa na kuendelea kunywa maziwa yake.

Mama asijue. Na hapa siandiki.