Kamba za Buluu za Baba

Ximena, uko? Nimemwaibisha baba mbele ya wafugaji chaza wote wa ghuba ya Tongoy.

Si unajua chaza wachanga wanavyokufa kituoni kwetu, tunakowazalisha kwa ajili ya wafugaji? Leo ushirika mzima umekuja kutaka sababu. Nikaweka tone la maji ya tangi kwenye darubini, picha ikatokea ukutani.

Mwani wetu wa kuwalisha, ule mdogo usioonekana kwa macho, umenata kwenye vijiuzi vya plastiki. Unakuwa mzito, unazama, unakufa. Chaza wanakosa chakula.

Doña Herminia, mmoja wa wafugaji, akauliza, "Hivyo vijiuzi vya buluu vimetoka wapi?"

Na mimi na domo langu: "Ni kamba ya kuning'inizia chaza iliyochakaa. Inasagika majini karibu na bomba letu la kuvutia maji."

Shoga, kamba za buluu hapa ghubani ni za nani? Za nani, Ximena?

Wote wakamgeukia baba. Wallahi sikuwa nimefikiria! Niliona vijiuzi tu, sikumwona baba!

Akauliza polepole, "Mwanangu, una hakika?"

Nikasema, "Nina hakika, baba." Ningesemaje?

Akavaa kofia, akatoka. Nikajua basi, nimempoteza.

Nimemfuata hadi gatini. Yuko mashuani karibu na bomba, anazivuta kamba zake zote kuzitoa majini, na chaza wake hata hawajakomaa! Ameniona. Amenipigia kelele, "Unashangaa nini? Njoo ushike upande huu!"

Naenda. Mama akikupigia, mwambie tuko pamoja.