Usisimame Juu ya Maporomoko

Pongwe, Tanga
14 Septemba 2024

Mpendwa mjukuu wangu Imakulata,

Marahaba, mama, shikamoo yako ilinifikia kwenye simu. Hujambo huko Uholanzi, na baridi inakuacha ulale? Sisi tu wazima. Goti langu linalalamika, lakini bado linanifikisha kanisani.

Nimefurahi kwamba Januari utakuja na Wilfred wako mfunge ndoa nyumbani. Shangazi yako Lea ameshaanza kugombana na mpishi ambaye hata hajapatikana.

Umesema mnataka kunawa miguu pale juu ya maporomoko, ukingoni kabisa, kama maharusi wetu tangu bibi yako, somo yako. Mila hiyo tuliianza sisi tuliozaliwa kule kwenye mashamba ya chai. Hapo ndipo naomba unisikilize.

Mwezi uliopita nilipanda gari Muheza nikaenda kupaona. Nyumba zetu za zamani kule mashambani, tulimohamishwa, zimemezwa na msitu. Mto ungali unanguruma.

Nilishuka nikatazama kwa chini. Mwamba wa juu ni mgumu, maji yanaulamba tu. Chini yake kuna tabaka laini, na maji yakidondoka huzungusha mchanga na kokoto, yakalila taratibu. Mwamba mgumu hubaki umening'inia kama paa lisilo na nguzo, hata siku moja ukameguka, na maporomoko yakarudi nyuma kidogo. Ndivyo yalivyozaliwa, ndivyo yanavyosafiri. Sasa chini ya ukingo pana pango la kumtosha mtu mzima.

Lea alinicheka: “Baba, mwamba upo pale tangu Nuhu. Leo uanguke kwa sababu wewe umesoma vitabu?”

Nikamwambia, “Pale mliposimama wewe na mama yako, kila mmoja siku ya harusi yake, pameshaanguka.”

Akaenda kukoroga chai.

Ni kweli, mama. Niliukuta ule mwamba ulioanguka, kando ya bwawa lililo chini ya maporomoko: bapa, na mshipa wake mweupe katikati. Bibi yako aliukanyaga mshipa ule siku yetu, akanishika mkono, akaniambia nisimwachie. Sikumwachia, mpaka alipoondoka mwenyewe.

Basi njooni mnawie miguu hapo chini, juu ya jiwe lile lile. Halina tena pa kuanguka.

Nisalimie baba yako Methusela, umwambie apunguze chumvi. Lea na mumewe Tadeo wanakusalimu sana. Mungu awashike mkono njiani kote.

Ni mimi babu yako, nikupendaye tangu hujajua kutembea,

Luka