Kisu cha Kimya

Tarehe 4 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za hapo nyumbani na karakana? Lile goti la kushoto bado linatabiri mvua? Mimi ni mzima, ila miguu imejaa malengelenge na sauti imekauka kwa kuitana porini.

Ile kazi nimeipata. Tuko watu sita, tunapima mpaka wa msitu. Mkuu wetu anachungulia kwenye kipimo chake, sisi wengine tunafyeka njia aone mbele, tunavuta utepe, tunapigilia vigingi. Mwanamke ni mimi peke yangu. Wiki ya kwanza waliniweka kwenye chai. Wiki ya pili wakachoka kunywa moshi, wakanipa panga.

Sasa nina shida. Kila mtu hapa ana kisu kiunoni isipokuwa mimi. Juzi nilinaswa na mtambaa wa miiba, nikasimama nakatiwa kama mbuzi aliyejifunga kamba mwenyewe. Nilipopata siku ya kwenda mjini nikaingia duka moja, nikakuta visu vimepangwa kwenye kabati la kioo. Kimoja kina dira kwenye mpini, kingine kina meno ya msumeno mgongoni, kingine hata kiberiti kimo ndani. Muuzaji akaniapia kwamba ndivyo wanavyotumia wanajeshi. Nikakumbuka unavyocheka ukiona vitu hivyo, nikatoka.

Nichagulie wewe. Nataka cha kukaa mfukoni kila siku, na cha porini, cha kunifaa siku mambo yakiharibika.

Mpwa wako

*

Tarehe 15 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti limestaafu utabiri, siku hizi linauma tu bila kutoa sababu. Mengine yote salama. Majirani wanakusalimu, na yule paka wako kanenepa mpaka anakoroma.

Umefanya vizuri kutoka kwenye duka hilo. Kisu chenye kazi kumi hakijui hata moja. Dira kwenye mpini maana yake mpini una tundu, na kitu chenye tundu namna hiyo ni filimbi.

Sasa nisikilize kama ulivyokuwa unanisikiliza umekaa juu ya ndoo, una miaka tisa, mama yako ametutoka, na mimi kaka yake sijui hata kusuka nywele.

Cha mfukoni kiwe kidogo, ubapa usizidi kidole chako cha shahada. Kazi yake ni kamba, mfuko wa unga, tunda, mwiba kidoleni. Kifungue, ukigeuze, ugonge mgongo wake kwenye ukingo wa meza. Kikijifunga, kirudishe kilikotoka, maana siku moja kitajifunga na vidole vyako vikiwa katikati. Osha mchanga kwenye bawaba, tia tone la mafuta. Na uhai wako usiutegemeze hapo. Kitu kinachokunjika kimeshavunjika nusu.

Cha porini kisikunjike. Kiwe kinene mgongoni, urefu wa kiganja na kidogo zaidi. Lakini jambo kubwa liko pale usipopaona. Chuma kipite chote mpaka kitako cha mpini, ukione kwa macho yako juu na chini, na misumari iwe imepita humo. Kuna visu ambavyo chuma kimeingia ndani ya mpini urefu wa kidole gumba tu, halafu wamejaza plastiki na gundi. Ukikandamiza mzizi nacho, kinang'oka kama jino la mtoto. Maduka yamejaa hivyo. Mimi sijawahi kumpa mtu kisu cha namna hiyo.

Ninakutumia viwili. Kile kikubwa nilikifua mwaka uliomaliza shule, kwa springi ya lori. Nilikuwa nakitunza bila kujua namtunzia nani. Kinashika kutu, sikufichi, kwa hiyo kifute na ukipake mafuta. Lakini kinanoleka hata kwa jiwe la mtoni.

Mjomba wako

*

Tarehe 20 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Naomba uwe mzima kama mimi nilivyo. Nimenenepa shingo, huo ndio unene pekee wa porini.

Visu vimefika. Kidogo hakitoki mfukoni. Kikubwa nimechania kuni, nimechonga vigingi, nimekata kamba iliyolowa mpaka ikawa ngumu kama mfupa, na bado kinanyoa manyoya ya mkono. Mkuu wetu alikishika akakaa nacho muda mrefu. Akaniuliza, "Nani kafua?" Nikasema mjomba wangu. Akasema, "Huyo mtu anaona ndani ya chuma." Nilijivuna siku nzima.

Kuna mwenzetu tunamwita Kimya, kwa sababu hanyamazi hata akitafuna. Yeye ndiye anayevuta kamba tukivuka mito. Ndiye aliyenifundisha kufunga mzigo, kukanyaga mawe yenye utelezi na kutowajibu wanaume wapumbavu. Kisu chake kimekwisha, kimebaki kama kijiko. Anaomba umfulie kimoja kama changu. Anasema, "Mwambie mjomba, mimi si mtu wa kuchagua, nataka kilekile." Niliahidi kwa niaba yako. Usiniaibishe.

Halafu, Mjomba, mwandiko wako. Herufi zimekuwa kubwa kama za darasa la kwanza, na mistari inashuka kilima. Macho yana nini? Nenda ukapimwe. Wewe mwenyewe ndiwe uliyenifundisha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Mpwa wako

*

Tarehe 9 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba, nashukuru kwa salamu. Macho yapo mahali pake. Taa ya karakana ndiyo mbovu, nitabadilisha.

Kisu cha rafiki yako hiki hapa kwenye kifurushi. Kinang'aa, mpini wake hautelezi mkono ukiwa na maji. Nimekinoa mwenyewe. Sio cha kufua, kazi zilikuwa nyingi kidogo. Mwambie asikitumie kwa nguvu sana mpaka akizoee.

Naandika kwa haraka, mtu ananisubiri mlangoni. Jitunze.

Mjomba wako

*

Tarehe 2 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Leo sikuulizi hali, na yangu usiniulize.

Kimya amefariki. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, jua linawaka. Tulikuwa tunavuka mto tunaouvuka kila siku, maji ya magoti. Sisi watano tulishapanda ng'ambo. Yeye alibaki nyuma kukusanya kamba, anapiga domo kama kawaida yake, anatucheka tulivyoshika viatu mkononi. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, sisi hatukuiona. Maji yalikuja na magogo. Gogo moja likamsukuma, mguu wake ukaingia chini ya mti ulioanguka mtoni, ukabanwa kwenye mizizi.

Hakuogopa. Alichomoa kisu akaanza kukata. Mzizi wa kwanza ukaachia. Wa pili ukaachia. Akatupigia kelele, "Wekeni chai!" Wa tatu ulikuwa mnene, akaegemea kisu kwa mikono miwili. Nikamwona ameanguka mbele. Alipoinuka alikuwa ameshika mpini mtupu. Alitunyanyulia tuuone, halafu akacheka, Mjomba. Alicheka kama mtu aliyevunja kikombe.

Nilichomoa changu nikaingia majini. Nilifika hatua tatu, maji yakaniangusha, wenzangu wakanivuta kwa mkanda. Nikaingia tena. Mara ya pili mkuu alinikalia kifuani. Tukamrushia kamba ya mizigo, ikafika mkononi mwake, tukavuta wote, lakini mguu haukutoka. Kuirudisha tufungie kisu hatukuweza, ndiyo pekee iliyokuwa inamshikilia. Maji yalikuwa kiunoni, yakawa kifuani. Aliendelea kuongea. Mwisho sikusikia anasema nini, maji yalikuwa na kelele.

Jioni yalipopungua nilipima. Hatua nane kutoka nilipofika na kisu changu mpaka mkono wake.

Mpini aliutupa ukingoni, nimeuokota. Chuma kilichobaki ndani kina urefu wa kidole gumba. Kingine chote ni plastiki na gundi.

Ulinieleza wewe mwenyewe, kwa mwandiko wako. Ninayo barua hapa. Nakuuliza jambo moja, na unijibu hilo tu. Ulikuwa unajua?

Mpwa wako

*

Tarehe 30 Juni

Mpwa wangu,

Nimekaa na barua yako karibu miezi miwili. Nilianza majibu mara nne, yote yalikuwa ya uongo, nikayatia motoni.

Nilikuwa najua.

Macho yangu yalianza ukungu mwaka jana, kabla hujaondoka. La kushoto sasa linaona mwanga tu. La kulia linaona kama mtu anayechungulia kupitia glasi yenye maziwa. Wewe unajua chuma kinavyofuliwa. Kikiwa motoni lazima uione rangi yake, ujue dakika ya kukichovya kwenye mafuta. Ukiwahi kinabaki laini, ukichelewa kinapasuka. Mimi nilikuwa naona moto tu. Nilimfulia huyo kijana wa watu visu vitatu. Cha kwanza kilipasuka, viwili vikapinda kama bati.

Ulikuwa umeniandikia kwamba mkuu wako alisema ninaona ndani ya chuma. Nilimwomba jirani anisomee mstari huo mara mbili, nikajifanya sikusikia vizuri. Nikaona haya. Nikaenda mjini nikashikashika visu vya dukani. Hicho nilipokilaza juu ya kidole kikaanguka upande wa ubapa, mpini mwepesi kama ganda la yai. Mkono wangu ulijua mle ndani hamna kitu. Nikajiambia, atakatia kamba, atafungulia makopo, watu wangapi wanatembea na visu kama hivi mpaka wanazeeka. Nikakinoa sana. Nilikinoa kuliko kisu chochote, kana kwamba makali yangeziba lile pengo.

Maneno mawili yangetosha: sioni tena. Angekwenda kutafuta kisu kwingine. Mimi nilitaka niendelee kuwa fundi kwenye midomo ya watu nisiowafahamu.

Ile methali uliyonikumbusha ni ya kweli. Kifo kimeniumbua. Ila kilipokuja hakikugonga kwangu, kilikwenda kwa mtu ambaye hajawahi kunikosea.

Sikuombi kitu. Karakana nimeifunga.

Mjomba wako

*

Tarehe 21 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nilikaa nayo siku kumi, nikashindwa kukaa nayo peke yangu. Nimeipeleka kwa mke wa Kimya.

Ni mshonaji, anashona sare za shule kwenye chumba cha mbele. Nilimsomea yote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Hakusimamisha cherehani. Nilipomaliza aliuliza, "Kwa hiyo alijua?" Nikasema, alijua. Akakata uzi kwa meno, akasema, "Mwambie aje aniambie mwenyewe. Karatasi haina uso."

Nimeandika njia kwa herufi kubwa kwenye karatasi nyingine. Basi moja tu, nyumba ya tatu baada ya kisima, mlango wa bluu. Mimi sitakuwepo. Kwa sasa siwezi kukuona, na siwezi kuona ukitazamwa na yeye.

Bado mpwa wako

*

Tarehe 12 Agosti

Mpwa wangu,

Salamu zangu zikukute mzima. Naandika nikiegemeza kalamu kwenye rula, nivumilie mistari ikipandana.

Nimekwenda. Sikumwambia mtu, wala sikuomba mtu anishike mkono. Nyumba tatu nilizihesabu kwa kugusa kuta. Rangi ya bluu sikuiona, nilisikia cherehani.

Nikabisha hodi, nikasema mimi ni nani. Cherehani ikanyamaza. Akasema, "Kaa hapo." Nikakaa. Sijui alikuwa ananitazama au anatazama kazi yake. Nilimwambia kama nilivyokuandikia wewe, sikuongeza wala sikupunguza. Nilipofika kwenye kile kisu kulala juu ya kidole, sauti ilikatika. Hakunisaidia. Alingoja mpaka ikarudi.

Akaniuliza maswali mawili. La kwanza, "Kingekuwa ni cha mpwa wako, ungempa?" Nikasema hapana. La pili, "Aliwahi kukuandikia kushukuru?" Nikasema hakuwahi, hakukuwa na muda. Akasema, "Alikuandikia. Iko hapa, hakuituma, alikuwa anatafuta bahasha." Nikanyoosha mkono. Akasema, "Sikupi." Nikaurudisha.

Nje watoto walikuwa wanacheza. Halafu akasema, "Nimekusikia. Sasa nenda."

Niliinuka nikageuka, na mlango sikuuona. Mwanga ulikuwa unatoka pande mbili. Nikafuata mmoja, likawa dirisha. Nikagonga meza, kitu cha chuma kikaanguka, nafikiri mkasi. Nikawa napapasa ukuta wa watu kama mwizi, namwomba radhi, naomba radhi hata kwa kiti. Mwisho nikasimama tu, mikono imening'inia.

Nikasikia amekuja. Alinishika mkono wa shati, sio mkono wangu, akanitoa nje. Tukatembea mpaka barabarani. Penye shimo alivuta kidogo, penye jiwe alisimama mpaka nilipite. Tulingoja basi muda mrefu, jua likatuunguza wote wawili, hakuniacha. Niliwaza kuomba msamaha tena, nikaona hilo nalo lingekuwa kujipunguzia mzigo mimi.

Basi lilipofika, alinisukuma mgongoni mpaka ngazini. Akamwambia kondakta kwa sauti, watu wote wakasikia:

"Huyu haoni. Mshushe mwisho, na umvushe barabara."

Mjomba wako