Simu ya Watu wa Mkopo

Kwa dada yangu mkubwa,

U hali gani, dada? Mguu umepona, au bado unaukokota? Sisi huku wazima, mimi hasa. Vijana wanahema wakinyoosha rimu ya baiskeli ambayo mimi nainyoosha huku napiga mluzi.

Utashangaa mwandiko. Barua zangu huniandikia binti yangu, lakini hii nimeiandika mwenyewe, na darasa langu la tatu la zamani linalipita la saba la leo. Kwa nini sikumwita, utaona.

Unajua alisoma chuo kwa mkopo, nami nikatia dole gumba kuwa mdhamini wake. Siku anahitimu nilifunga karakana, nikatangaza mtaa mzima kwamba fundi baiskeli amezaa mhasibu. Kazi ya uhasibu haikupatikana. Anapiga pasi kwa dobi, na deni linanenepa kwa riba na faini kama kupe mgongoni mwa ng'ombe. Wanaouliza nawaambia yuko ofisini. Si uongo sana, kwa dobi kuna meza.

Mwezi uliopita aliwaandikia watu wa mkopo wamsimamishie malipo mpaka apate kazi ya maana. Wakasema watamuuliza mdhamini. Akaniambia, baba, wakipiga waambie hali ilivyo, basi. Nikamjibu mimi si mtoto wa kufundishwa kusema.

Wakapiga. Masikio yangu mazima, dada, simu ndiyo mbovu, kwa hiyo huiweka kwenye spika. Benchi lilijaa wateja, na yule muuza mkaa alikuwepo, yule aliyenitambia mwanawe alipopata udereva wa lori. Sauti ikauliza binti yangu anafanya kazi gani. Benchi zima likanigeuzia shingo. Nikasema ni meneja. Ikauliza kama mshahara unamtosha. Nikasema unatosha na kusaza, gari la kampuni humfuata mpaka mlangoni. Muuza mkaa akainamisha kichwa. Nilijiona dume.

Juma lililofuata jibu likaja: ombi limekataliwa, mkopaji ana uwezo, na malipo ya kila mwezi yamepandishwa. Binti alikaa kitandani bila kuvua viatu. Aliponiuliza, nilisema niliwaeleza hali ilivyo. Sasa anaamini aliyemchongea ni mwenzake wa kwa dobi, kwa wivu. Walikuwa kama pete na kidole. Leo hawasalimiani.

Nilivaa koti nikaenda kwa wale watu. Nikamwambia karani kwamba nilidanganya. Akatabasamu kwa adabu, akasema, mzee wangu, wazazi wote hukumbuka umaskini siku ya kulipa. Nikamwonyesha mikono yangu yenye grisi. Akaita anayefuata.

Dada, binti sijamwambia. Kila nikifungua kinywa natoka na hadithi ya mnyororo. Na yeye ananipakulia chakula, anasema ni mimi tu nisiyemgeuka.

Jumamosi anakuja kwako kuomba umtafutie kibarua chochote huko. Anataka kuacha kwa dobi asimwone yule mwenzake. Mwambie wewe, shangazi yake. La, usimwambie. Mwambie tu yule msichana hana kosa. Akikuuliza ni nani basi, hapo sijui umjibu nini.

Nisalimie shemeji, na wajukuu wote uwabusu kwa niaba yangu. Ukitaka kunigombeza, nina haki yangu ya kugombezwa, ila nipigie jioni, benchi likiwa tupu.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Spoki