Shati la Ilpo

Lahti, 14 Januari 2019

Kaka Tarmo,

Habari za huko Borås, na habari za siku nyingi? Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto linalonisumbua baridi ikizidi, na mwaka huu imezidi. Natumaini nawe hujambo na mgongo unakuachia ulale. Anwani yako nimepewa na binamu yetu Sirkka. Usimgombeze, nilimbana.

Najua tangu mwaka 1984 hatujasemezana. Sikuandikii kufukua ya zamani. Ila nina shida, na shida yenyewe ni ya zamani, kwa hiyo itabidi tufukue kidogo.

Mama Aune, mama yake Ilpo, yuko kwenye nyumba ya wazee hapa karibu na kwangu. Ana miaka themanini na tisa na akili yake imetulia kuliko yangu. Kila Jumatano nampelekea mkate mtamu wa iliki, tunakunywa kahawa. Jumatano iliyopita aliniuliza ghafla, "Raija, siku ile ya mwisho mwanangu alipoimba, alivaa shati gani?"

Nikamwambia, jeupe. Akaweka kikombe chini, akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia.

Unalikumbuka lile shati ambalo Ilpo aliliandika jina la bendi yao ya panki kwa rangi nyeusi, SAHAJAUHO, mgongoni na kifuani? Alikaa nalo wiki nzima. Asubuhi ile ya tamasha mama yake alilifua. Rangi yote ikatoka. Ilpo alimfokea mpaka majirani wakasikia, akalichukua likiwa bado na unyevunyevu akaondoka. Baada ya hapo waliishi nyumba moja siku tisa bila kuambiana zaidi ya "pisha nipite", mpaka lori lilipomgonga na pikipiki yake kwenye barafu. Kwenye mazishi Pertsa wa bendi alimwambia mama wa watu, "Ilpo alilitaja lile shati kwenye mikrofoni," kisha akaanza kulia, hakuendelea. Naye Mama Aune hakuuliza.

Sasa anauliza. "Nataka kujua alisema nini," aliniambia. "Hata kama ni tusi nitalipokea. Kutokujua ndiko kunakonila."

Mimi nilikuwa mlangoni nikigawa vikaratasi, sikusikia. Wewe peke yako ndiye uliyerekodi, umesimama juu ya kiti pale jumba la vijana, kinasa sauti umekikumbatia. Kanda ile iko wapi, kaka? Kama kuna mtu mwenye nakala, nitajie jina lake tu.

Stempu sijaipaka sabuni. Siku zile tulizipaka zote, ili muhuri wa posta uoshike na mwenzako akurudishie uitumie tena. Hii ni yako, huna haja ya kurudisha kitu.

Dada yako,
Raija


Borås, 3 Februari 2019

Raija,

Barua nimeipata. Mimi mzima. Mgongo ulinishinda zamani, kiwandani wameshanistaafisha. Pole kwa goti.

Kanda unajua ilikoishia. Nililifungua kasha lake mbele yako, jikoni kwa mama, nikaiweka kwenye mashine, likatoka dansi la tango la redioni, muziki wa wazee. Tango, Raija! Nyumba nzima tulikuwa wawili wenye kurekodi redio. Mpanki gani, mtu wa makelele na nywele za kusimama, angerekodi tango? Basi aliyeifuta kanda anajulikana.

Kuhusu shati, mimi nakumbuka vizuri, nilikuwa mita tatu kutoka kwake. Aliinamia mikrofoni, akamtaja mama yake, akatukana. Watu wakacheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe. Mwambie mama wa watu kwamba hukumbuki. Mwambie muziki ulikuwa na kelele, maana huo si uongo.

Tarmo


Lahti, 12 Februari 2019

Tarmo,

Hujambo. Mimi sijambo, na hapo salamu zimekwisha.

Jumapili niliwaalika waliobaki. Alikuja Pertsa, ambaye sasa hana hata unywele mmoja wa kusimamisha, na Hannele aliyekuwa akiuza kijarida chetu. Niliwauliza swali moja tu: Ilpo alisema nini kuhusu shati?

"Hakusema kitu," akasema Pertsa. "Mikrofoni ilikuwa imekufa."

"Si wewe uliyemwambia mama yake kwamba alilitaja?"

"Nilisema hivyo? Nilikuwa na miaka kumi na minane, Raija, nilisema mengi."

Hannele akasema Ilpo alilivua shati akalitupa chini kutoka kwenye steji. Pertsa akaruka, "Steji gani? Tulisimama sakafuni! Ndiyo maana nilikanyagwa vidole."

"Ulikanyagwa kwa sababu wenzako walikuwa kwenye wimbo wa tano, wewe bado unapiga wa nne."

Wakabishana hivyo mpaka kahawa ikaisha. Nyimbo zenyewe zilikuwa za sekunde arobaini, na hakuna hata moja waliyokubaliana. Wewe nawe unasema unakumbuka vizuri. Kila mmoja wenu anakumbuka vizuri, hilo ndilo tatizo langu. Mama Aune siwezi kumpelekea kura za watu watatu.

Na hili nalisema mara ya mwisho: kanda yako sikuigusa. Nilikuwa na kanda zangu. Nilikuambia mwaka 1984 nikilia, ukabeba begi ukaenda zako Uswidi bila kunipa hata mkono. Miaka yote hiyo nimekuwa dada aliyefuta sauti ya marehemu. Unajua ilivyokuwa kukaa na jina hilo mji huu? Hannele alinikwepa miaka sita.

Raija


Lahti, 20 Machi 2019

Tarmo, u hali gani? Kimya chako kimenifikia. Mama Aune amelazwa hospitalini, ni mapafu. Wanasema atarudi, hawasemi kwa muda gani. Jana aliniuliza tena kuhusu shati. Kama kuna unachokijua, kiseme sasa. Hasira zangu nimeziweka kando, nitazichukua baadaye.

Raija


Borås, 28 Aprili 2019

Dada yangu Raija,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti limepata nafuu kwa kuwa theluji imeondoka. Natumaini zaidi kwamba Mama Aune yupo. Mimi afya ninayo. Raha ndiyo sina, na nimejitakia.

Sikunyamaza kwa jeuri. Barua yako ya Februari niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na siku hiyohiyo nikaandika nyingine kwenda Brazili. Nilikuwa nangoja jibu kabla ya kukukabili mikono mitupu. Kadi yako ya Machi ilinikuta bado nangoja. Sasa jibu limefika, na limo ndani ya bahasha hii.

Ilikuwa hivi. Unamkumbuka Valdemir wa São Paulo, tuliyekuwa tunabadilishana naye kanda? Masika ya 1984 aliomba Sahajauho. Nikaunganisha vinasa sauti viwili pale jikoni nimtolee nakala. Kanda zetu zilikuwa za aina moja, na unajua mtindo wetu: jina tuliliandika kwenye kasha, kanda yenyewe tukaiacha bila alama ili siku moja irekodiwe tena. Ujanja wote ule wa kubana matumizi! Mashine ya pili haikunasa kitu. Nikaitia ya Ilpo kwenye bahasha nikidhani ndiyo nakala, na ile nyingine nikaiweka kwenye kasha. Kwa hiyo ile ya Ilpo niliituma mimi mwenyewe kwa mkono wangu, tena na stempu nzuri.

Na lile tango ndani ya kanda nyingine, Raija, nililirekodi mimi. Nilikuwa nalipenda. Jumamosi nilikuwa nalisikiliza chini ya blanketi, nikitoka nje nasimamisha nywele kwa sabuni. Likatoka jikoni mbele yako na mbele ya Pertsa, nikaona aibu, nikakunyoshea wewe kidole. Wakati huo niliamini kweli kwamba wewe ndiye uliyebadilisha kanda ukaifuta ya Ilpo, ila kuhusu tango nilijua nasema uongo.

Sijamaliza. Januari 1985 Valdemir aliniandikia huku Borås, kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza, kwamba kanda ile ni safi mno kuwa nakala, je, nimekosea? Nikajua. Nilikuwa nimeshakuita mwizi wa sauti ya marehemu mbele ya kila mtu. Nilianza barua kwako mara nne. Baadaye ukapita mwaka, na kila mwaka ulipopita barua ilizidi kuwa ndefu. Nilikuonea, dada, na nilijua nakuonea. Sina la kujitetea.

Valdemir yuko nyumba ileile. Ameirudisha kanda, na anasema aliitunza kwenye kabati kavu, na hakutaka malipo, ameomba tu aelezwe kifo cha Ilpo kilikuwaje. Nimemwandikia.

Sijaisikiliza. Nimeitoa kwenye kasha mara tatu nikairudisha. Kama nilikumbuka sawa kuhusu lile tusi, amua wewe la kumwambia Mama Aune, mimi sina tena haki ya kukupa ushauri. Kama nilikumbuka vibaya, utakuwa umenishinda mara mbili, na nitafurahi.

Stempu ya bahasha hii nimeipaka sabuni. Usiirudishe kwa huruma.

Kaka yako,
Tarmo


Lahti, 9 Mei 2019

Kaka Tarmo,

Hujambo? Mimi ni mzima. Mama Aune yupo, amerudi kwenye nyumba ya wazee, amekonda, anakula uji na kulalamikia uji.

Barua yako niliisoma Jumatatu. Sikulala vizuri. Nilikuchukia sana, sikufichi, nikafika hadi kutafuta karatasi nikuandikie nilivyokuchukia. Nikaacha, kwa sababu kanda ilikuwa juu ya meza na Jumatano ilikuwa karibu.

Chombo cha kuchezea kanda sina. Kilichobaki ni cha kwenye gari langu kuukuu. Nikafikiri niisikilize kwanza, nimpime mama wa watu anastahili kupewa nini. Nikaingia kwenye gari Jumanne mchana, nikafunga mlango, nikashindwa. Jana nikamwambia Mama Aune ukweli wote: kanda imepatikana, Tarmo anasema kuna tusi, na mimi sijasikia. Ngoja niisikilize kwanza, nikamwambia, kisha nije nikuambie.

"Nimemzaa mimi," akasema. "Sitamsikia baada yako. Nivalishe koti."

Muuguzi akanisaidia kumwingiza kwenye gari, pale uani mbele ya mlango wa jikoni. Nikabonyeza. Unajua inavyoanza: ngoma nne, halafu kila mtu kwa pamoja. Mama Aune akashika mpini wa mlango.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye."

"Anaumwa?"

"Haumwi, mama. Anaimba."

"Haya," akasema, akaachia mpini.

Tukasikiliza wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Muuguzi alichungulia dirishani akidhani gari limeharibika. Baada ya wimbo wa sita kukawa na kimya, mluzi wa spika, na mtu anakohoa karibu kabisa na kinasa sauti. Nadhani ni wewe. Halafu Ilpo akaongea kwa sauti ile yake ya kawaida, ambayo nilikuwa nimeisahau. Nakuandikia neno kwa neno, maana niliirudisha nyuma mara nyingi:

"Ngojeni. Leo msinitemee mate. Shati hili mama kalifua. Kwa mkono, mashine yetu mbovu. Maandishi yametoka yote, nikamfokea bure. Atakayelitemea atakwenda kulifua mwenyewe. Pertsa, ondoa guu lako kwenye waya, shetani wewe!"

Watu wakacheka, maana siku zile mate ndiyo yalikuwa makofi yetu, kisha wimbo wa saba.

Ndilo tusi lako hilo, Tarmo. Lilikuwa la Pertsa. Na mikrofoni haikufa, na shati halikutupwa, na steji haikuwepo, hilo moja Pertsa alipatia.

Nikazima. Mama Aune alikaa akitazama mlango wa jikoni. Nilidhani atalia. Mimi nilikuwa nalia.

"Mashine ilikuwa mbovu kweli," akasema mwishoni. "Nililitia chumvi, rangi isitoke. Ikatoka." Kisha akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Akasikiliza mpaka kwenye "nikamfokea bure", akanizuia kwa mkono, akataka tena. Hatukufika tena kwenye wimbo wa saba. Chakula cha mchana kilipoletwa alisema wakakiweke, yuko na mwanawe.

Nilipomrudisha chumbani alinishika mkono akaniambia, "Mwambie kaka yako asante." Nikamwambia kwamba kaka yangu ndiye aliyeipoteza. "Najua," akasema, "umenieleza. Mwambie asante."

Basi nimekuambia. Hiyo ni ya Mama Aune. Yangu ni nyingine. Jumapili Pertsa na Hannele wanakuja tena, na nitawasomea barua yako, ile sehemu ya jikoni yote, na tango chini ya blanketi sitaliruka. Nataka wasikie kwa maneno yako mwenyewe kwamba sikuifuta. Baada ya hapo hasira sitazitafuta tena, nimechoka kuzibeba. Ukitaka kuja majira ya joto, sauna ipo na kitanda cha chini kipo, kwa ajili ya mgongo.

Stempu yako niliiloweka kwenye kisahani, kama zamani. Sabuni ilishika na muhuri ukatoka wote. Ila kaka, stempu za siku hizi ni za kubandika, gundi yake haiyeyuki. Niliibandua polepole kwa kisu cha siagi na bado ilichanika katikati. Posta hawataipokea, hilo najua. Nakurudishia hata hivyo, vipande vyote viwili.

Dada yako,
Raija