Buji Nne za Simi-Simi

Mpendwa Yaya, kaka yangu,

Nimejenga injini! Najua huko ulipolala hakuna posta, lakini nisipokuambia wewe nitapasuka. Tangu ulipotutoka nimekuwa nikitengeneza breki na klachi za watu katika garaji lako, kazi ya heshima, sikatai. Hii sasa ni ya mambo yetu, ya mbio. Kichwa cha injini nimekipunguza ili hewa ibanwe zaidi, na kabureta ni mbili. Haipuliziwi hewa na kitu chochote, inavuta pumzi yake yenyewe, kama ile yako. Na leo ilikuwa zamu ya kuchagua buji, zile plagi za kuwashia moto ndani.

Buji, Yaya! Nilipozishika tu nikaanza kucheka peke yangu, mteja akanitazama kama nimerukwa na akili.

Unakumbuka Papa alivyokuachia Peugeot yake kwa mbio za mtaa, shingo upande? Alisimama mlangoni na kanzu yake ya Ijumaa, akakunyooshea kidole. "Bon. Motere ikiungua, unaenda kuuza bitambaa kwa duka ya tonton. Kama unashinda mbio, alors, nakupa nafasi nyuma ya nyumba, unaweka garaji." Wewe uliyekuwa ukipiga miayo ukiona tu futi ya kupimia kitambaa dukani kwa mjomba! Wiki ile hukula vizuri.

Binamu yetu aliyeshusha mizigo kwenye uwanja wa ndege wa Bangboka alikuletea seti mbili za buji. Moja ilikuwa ya moto, yenye pua ndefu ya kauri inayokaa na joto. Nyingine ya baridi, pua fupi, inayotoa joto haraka. Ulipenda zile za moto kwa sababu gari liliwaka ukigusa tu ufunguo. Kila jioni ulikwenda kukimbia kwenye uwanja wa zamani wa ndege, Simi-Simi, kisha ukarudi polepole nyuma ya baiskeli na mama wa sokoni. Nyumbani ulizifungua, zote nyeusi kwa masizi. "Unaona? Hata hizi iko baridi sana," ulisema. Ungepata za moto zaidi ungezifunga bila kufikiri.

"Lakini Yaya," nikakuuliza, "kwa nini tunaziangalia hapa? Masizi iko ya njia ya kurudi, ya kwenda polepole."

Ukazigeuza tena mkononi, moja moja. Nikajua nimepata.

Kesho yake nilipanda nawe. Ulikanyaga mafuta hadi mwisho, vioo vikalia, nikapiga kelele: "Zima! Zima hapa hapa!" Ukakanyaga klachi, ukakata moto, gari likateleza kimya hadi kwenye majani. Tukafungua. Kauri ilikuwa nyeupe pe, na juu yake chembe ndogo zinazong'aa. Ilikuwa pistoni, imeanza kuyeyuka. Ukaketi chini na kofia mkononi. "Mutoto ya mama," ukasema, "umeniondoa kwa duka ya tonton."

Basi tukajua ni za baridi. Shida ni kwamba za baridi zingejaa masizi kabla hata hatujafika, tukitambaa mjini. Kwa hiyo Jumamosi ile, baada ya salongo, ile kazi ya pamoja ya mtaa, watu walipokuwa wamemaliza kufyeka majani ya uwanja, tulikwenda za moto zikiwa kwenye injini, ili tufunge za baridi palepale kabla ya mbio. Mkuu wa mtaa akapanda juu ya pipa: "Citoyens, citoyennes!" Sijawahi kuombea hotuba iwe ndefu isipokuwa siku ile. Injini ilikuwa jiko, uliunguza vidole ukitukana kwa Lingala ili Papa asisikie vizuri. Hotuba ikaisha, na buji ya nne ingali mkononi mwangu!

"Bamama, wimbo moja tena!" nikawaambia wacheza ngoma wa mtaa. Nani aliwahi kuwaomba wale waendelee? Walicheza wimbo mzima, na wa pili juu yake.

Mtoto wa mfanyabiashara mwenye gari jipya aliondoka mbele yako. Nilishika kichwa. Halafu katikati ya uwanja sauti ya Peugeot ikabadilika, ikakaza, nikaisikia hadi tumboni, na ukampita mbele ya macho ya watu wote. Nilikimbia nikaacha ndala moja. Hukutoka kwanza kushangilia, ulifungua boneti. Buji zilikuwa rangi ya karanga zilizoiva kwenye kikaango, si nyeusi, si nyeupe, zote nne, Yaya! Tukapiga kelele upya, watu wasijue kwa nini.

Papa alikuja polepole. Alizitazama zile buji, hakuelewa kitu, akakurudishia. "Mulango ya garaji," akasema, "unataka iangalie wapi?"

"Kwa barabara, Papa." Halafu ukalia, grisi usoni.

Nakukosa sana. Garaji limejaa, barabara inapita, na kila kazi ngumu nimekuwa nikiinua kichwa nikuulize, kama vile uko chini ya gari lingine. Nimeona aibu kuwaambia watu.

Leo asubuhi pia niliinua kichwa. Mdomo nimeshafungua kabisa: Yaya, za moto au za baridi? Nikatazama chini nikakuta zote nne nimeshazifunga.

Pumzika, Yaya. Mimi nakwenda kuwasha.

Mdogo wako,
fundi wa garaji lako