Maua ya Mikebe

Kianjai, Novemba

Dada yangu Kaari,

Bwana Yesu asifiwe. Mvua imetukumbuka, maharagwe yanapendeza. Asante sana kwa mbegu za maua ulizonitumia kutoka Embu. Zote ziliota, nikaikuza miche kwenye mikebe ya Kimbo. Mizizi ilipochungulia chini nilijua wakati wa kuihamishia shambani umefika, lakini sikuthubutu. Tangu tumzike Riungu wangu, shemeji zangu wananiuliza nitarudi lini kwetu. Nikaona heri maua yangu yabebeke.

Jana mama mkwe alikuja na jembe, akaanza kuchimba mlangoni pangu.

“Mama Mwenda,” akasema, “mwenye boma hapandi maua kwenye mkebe.”

Tumeyapanda yote. Mikebe nimempa yeye, maana sina safari.

Mdogo wako mwenye shukrani,
Ciakuthii